Nani Abebe Hasara ya Pesa Mbovu?

Lugha ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili. Neno hilo ni fedha. Kwanza, fedha ni madini meupe yenye kung'aa, ambayo masonara huyafua kuwa pete na vikuku. Pili, fedha ni kitu chochote cha kununulia na kulipia. Sababu ya kuwa na maana mbili ni wazi: zamani kitu cha kununulia kilikuwa madini yale yenyewe. Siku hizi katika noti za faranga na za dola zinazopita mikononi mwa watu hamna hata chembe ya madini yale. Jina limebaki, kitu chenyewe kimeondoka.

Hapo ndipo linapozaliwa swali. Kitu kikiendelea kuitwa kwa jina lake la zamani, hali ndani yake kimebadilika, je, huo ni uongo? Na kama ni uongo, nani mwenye kosa: yule aliyekibadili, au kila mtu anayekitoa mkononi mwake na kumpa mwenzake? Msidhani kwamba swali hili ni la wenye elimu tu. Linawahusu wafalme, na linamhusu vilevile mama anayeuza maharagwe kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, pale Kibati, chini ya mlima Nyiragongo.

Ili maneno yasichanganyike, kuanzia hapa "fedha" litakuwa jina la madini tu, na kitu cha kununulia kitaitwa "pesa".

Kuchanganya peke yake si kosa

Fedha tupu ni laini. Sarafu iliyofanywa kwa fedha tupu huchakaa upesi, sura yake hufutika, na kingo zake hulika. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walitia shaba kidogo ndani ya fedha, ili sarafu iwe ngumu. Rupia ya India, iliyotumika sana Afrika ya Mashariki, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Katika kila sehemu 12 za madini yake, 11 zilikuwa fedha na 1 ilikuwa shaba. Wajerumani walipoanza mwaka 1890 kupiga rupia kwa ajili ya sehemu yao ya Afrika ya Mashariki, walishika uzito ule ule na mchanganyiko ule ule, maana walijua kwamba watu wamekwisha kuuzoea.

Iko sarafu nyingine yenye fundisho kubwa zaidi. Watu wa pwani, na wa Ethiopia, na wa Arabuni, walitumia kwa miaka mingi sarafu pana yenye sura ya Maria Theresia, malkia wa Austria. Watu wa pwani waliiita riale. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa baada ya kufa kwake, na daima ikaandikwa tarehe ile ile ya 1780. Ilipigwa Vienna, na baadaye hata Roma, London na Bombay. Uzito wake ulikuwa gramu 28, na katika kila sehemu 6 za madini yake, 5 zilikuwa fedha na 1 shaba.

Angalieni vema. Riale ilikuwa na shaba nyingi kuliko rupia, na hata hivyo wafanya biashara waliiamini sana. Kwa nini? Kwa sababu haikubadilika. Aliyeipokea alijua anapokea nini, na mwanawe aliyeipokea miaka 50 baadaye alipokea kitu kile kile. Basi, usafi wa pesa si kutokuwa na mchanganyiko. Usafi wa pesa ni kwamba kilichomo ndani kinapatana na kile ambacho mtoaji na mpokeaji wote wawili wanakijua.

Jinsi ya kuijua iliyo safi

Macho hayatoshi. Sarafu yenye shaba nusu yaweza kung'aa siku ya kwanza kama ile iliyo safi. Wafanya biashara waliigonga sarafu juu ya meza ili wasikie sauti yake, maana fedha nzuri hulia kwa mlio mwembamba unaodumu, na sarafu ya risasi hutoa mlio mzito unaokatika mara. Masonara walikuwa na jiwe jeusi la kupimia. Walisugua sarafu juu yake, kisha wakalinganisha rangi ya alama iliyobaki na alama ya fedha wanayoijua.

Lakini kipimo kilicho hakika kupita vyote hivyo ni moto. Fundi hukata kipande, hukipima uzito, kisha hukiyeyusha pamoja na risasi katika kikombe kidogo kilichofanywa kwa majivu ya mifupa. Risasi huungua na kuchukua shaba pamoja nayo, na vyote viwili hunywewa na kikombe. Mwisho wake hubaki tone moja jeupe, ambalo ni fedha peke yake. Hilo hupimwa uzito tena, na tofauti ya mizani mbili ndiyo shaba iliyofichwa.

Sasa fikirini: ni nani sokoni aliye na tanuru na mizani ya namna hiyo? Tajiri anaye fundi wake. Maskini ana macho yake tu. Kwa hiyo pesa inapoharibika, hasara haiwaangukii wote sawasawa. Huteremka kama maji, kutoka kwa wenye kujua mpaka kwa wasiojua.

Uongo unaanzia wapi

Denari za Roma za wakati ule Bwana wetu Yezu Kristu alipoulizwa juu ya kodi ya Kaisari zilikuwa karibu fedha tupu. Mwaka 64 Kaisari Nero alipunguza uzito wa denari, akaongeza shaba ndani yake. Kaisari mmoja baada ya mwingine akafuata njia hiyo, maana askari walidai mishahara na hazina ilikuwa haitoshi. Ilipokaribia mwaka 270, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya fedha. Ngozi hiyo ilipochubuka sokoni, watu waliona walichopewa, na bei za vitu zikapanda.

Katika nchi ya Urusi mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Tsari Aleksei Mikhailovich aliingia vitani mwaka 1654, akapungukiwa na fedha. Watumishi wake wakaanza kupiga kopeki za shaba, na amri ikatolewa kwamba kopeki ya shaba ihesabiwe sawa na kopeki ya fedha. Watu wangeweza labda kuvumilia amri hiyo kama wote wangeifuata. Lakini serikali ililipa mishahara kwa shaba, na yenyewe ikadai kodi ilipwe kwa fedha. Wakulima walipoona hivyo, wakakataa kuuza vyakula kwa shaba. Mwaka 1662 watu wa Moscow waliondoka kwa hasira kumwendea mtawala wao, na ghasia ile ikazimwa kwa damu nyingi. Mwaka uliofuata kopeki za shaba ziliondolewa.

Tazameni kosa lilipo. Shaba haina kosa. Shaba ni kiumbe cha Mungu, na kwa kazi nyingi ni bora kuliko fedha. Kosa ni la yule aliyesema, "Hivi viwili ni sawa," na papo hapo akakataa mwenyewe kupokea kile alichowalazimisha wengine kukipokea.

Rupia, florini na shilingi

Mambo kama hayo yalitukia pia karibu na Kivu. Wakati wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walizingirwa, na meli hazikuweza kuwaletea sarafu. Mwaka 1916 walipiga pesa zao wenyewe huko Tabora, katika karakana ya reli. Nyingi zilikuwa sarafu za heller 20 za shaba, na heller 100 zilifanya rupia 1. Sarafu hizo hazikujidai kuwa fedha. Uso wake ulikuwa mkweli. Lakini thamani yake ilikuwa ahadi ya serikali, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na serikali ile ikakimbia.

Baada ya vita bei ya fedha ilipanda sana duniani, na Waingereza wakaiondoa rupia katika nchi kadhaa walizozitawala za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1920 walileta florini, yenye uzito sawa na wa rupia, lakini nusu yake tu ilikuwa fedha. Mwaka 1921 wakapiga shilingi, ambayo robo yake tu ilikuwa fedha. Rupia 1 ilihesabiwa kuwa florini 1, na florini 1 kuwa shilingi 2. Katika rupia mlikuwa na gramu 10.7 za fedha. Katika florini mlikuwa na gramu 5.8. Katika shilingi 2 mlikuwa na gramu 3.9. Tena mwaka 1948 shilingi ilifanywa kwa shaba na nikeli, bila fedha hata kidogo.

Je, huo ulikuwa wizi? Jibu halipatikani kwa kuhesabu gramu tu. Mabadiliko yalifanywa kwa sheria iliyotangazwa, na shilingi ya mwaka 1948 isiyo na fedha iliendelea kununua unga na nguo. Ahadi ikitunzwa, pesa ya shaba au ya karatasi yaweza kuwa pesa ya kweli, kwa sababu haimwambii mtu, "Mimi ni fedha." Humwambia tu, "Ukinipeleka sokoni, utapata kitu cha thamani hii." Likivunjwa neno hilo, ndipo uongo unapoingia.

Pesa ya Kongo

Neno hilo lilivunjwa vibaya katika Kongo. Mwaka 1887 Dola ya Kongo ya mfalme Leopold II ilipiga sarafu ya faranga 5, yenye gramu 25, na katika kila sehemu 10 za madini yake 9 zilikuwa fedha. Mwaka 1944 ilipigwa sarafu ya faranga 50 yenye sura ya tembo. Uzito wake ulikuwa gramu 17.5, na nusu yake ilikuwa fedha. Anayejua hesabu ataona kwamba faranga 50 za mwaka 1887 zilikuwa na gramu 225 za fedha, na faranga 50 za mwaka 1944 zilikuwa na gramu 8.75. Jina la faranga lilikuwa lile lile.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa kupita hayo. Mwaka 1967 ililetwa zaire, na zaire 1 ilihesabiwa kuwa dola 2 za Marekani. Serikali ikazidi kuchapa noti mwaka hata mwaka, hata mwezi wa Desemba 1992 ikatoa noti ya zaire 5,000,000. Wafanya biashara wengi waliikataa. Mwezi wa Januari 1993 askari wa Kinshasa, waliolipwa mishahara kwa noti hiyo wakakuta haipokelewi, walifanya ghasia, na watu wengi wakauawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo zaire mpya 1 ilitolewa badala ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ilirudishwa faranga, na faranga 1 ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Ndiyo kusema, faranga 1 ilichukua mahali pa zaire za kwanza bilioni 300.

Noti haiwezi kutiwa shaba. Lakini wino na karatasi vyaweza kufanya kazi ile ile iliyofanywa na shaba ya Nero. Mzee aliyeficha akiba yake ndani ya sanduku hakuibiwa na mtu aliyevunja mlango. Akiba yake iliyeyuka mahali pale alipoiweka.

Alikuwapo zamani mwalimu mmoja wa Ufaransa, jina lake Nicole Oresme, aliyekufa mwaka 1382 akiwa askofu wa Lisieux. Aliandika kitabu juu ya pesa. Alifundisha kwamba sura ya mfalme imo juu ya sarafu, lakini sarafu si mali ya mfalme. Ni mali ya wale walioipata kwa mkate wao na kwa kazi ya mwili wao. Tena alisema kwamba kuharibu pesa ni kubaya kuliko kutoza riba, kwa sababu mwenye kukopa kwa riba amekubali, lakini anayepewa pesa iliyoharibiwa hakuulizwa.

Katika soko la Kibati

Wakubwa wamekwisha kuhukumiwa. Inabaki hukumu iliyo ngumu zaidi, ile ya mdogo aliyedanganywa.

Chukulieni mfano huu. Mama mmoja ameuza maharagwe ya msimu mzima. Jioni anapohesabu, anakuta katika pesa zake noti ya dola 20 iliyo ya bandia. Hamjui aliyempa. Dola hizo alizitengea ada ya mtoto wake aliye sekondari. Jirani anamwambia, "Dada, usilie. Iweke mpaka kesho jioni, giza likiingia, umpe mtu asiyekujua. Wewe hukuitengeneza."

Maneno ya jirani yana nguvu, na si haki kuyacheka. Kwanza, ni kweli kwamba mama huyu ameibiwa. Pili, ni kweli kwamba wafalme na serikali kubwa walifanya hivyo bila kuaibika. Tatu, ni kweli kwamba atakayepewa noti hiyo huenda naye ataipitisha mbele. Kwa nini basi huyu maskini peke yake awe mwaminifu?

Jibu ni hili. Noti ya bandia ni wizi ambao haujapata mtu wa kuulipa. Inatembea mkono kwa mkono ikimtafuta asiyeijua. Itapita mbele ya mwenye duka, naye ataitambua na kuirudisha. Itapita mbele ya mbadilisha pesa wa mjini, naye ataishika kwa vidole viwili na kuitupa. Haitasimama mpaka imfikie mzee asiyeona vizuri, au mtoto aliyetumwa chumvi, au mpagazi wa chukudu aliyechoka, asiye na nafasi ya kuikagua. Mama akiipitisha, hamlipizi kisasi aliyemwibia. Huyo ameshakwenda zake. Anamwibia aliye dhaifu kuliko yeye. Yaani anafanya kwa mkono mdogo tendo lile lile alilofanya Kaisari kwa mkono mkubwa: kuteremsha hasara mpaka kwa asiyejua. Kabla hajaitambua noti ile, hakuwa na kosa hata kama angeitoa. Tangu alipoitambua, kuitoa ni kuivunja amri ya saba.

Na kama anamjua aliyempa? Hapo ana haki ya kumrudia. Aliyelipa kwa noti ya bandia hakulipa, hata kama naye hakujua. Deni lake liko palepale, na haki inamdai atoe nyingine.

Iko pia noti iliyochanika. Dola yenye mchaniko mdogo si ya bandia, lakini kila mtu anajua kwamba sokoni hukataliwa. Mwenye nayo anaruhusiwa kuitoa waziwazi, huku akiuonyesha mchaniko. Mwenzake akikubali kwa bei ya chini, hilo ni patano lao. Asichoruhusiwa ni kuikunja kwa ujanja ili mchaniko usionekane. Wala mbadilisha pesa haruhusiwi kumtisha mama akisema, "Hii haina kitu," ili ainunue kwa bei ya bure, hali anajua mahali atakapoibadilisha kwa bei nzuri. Huyo naye ameficha shaba ndani ya maneno yake.

Maswali na majibu ya kushika moyoni

Je, ni kosa kuchanganya fedha na shaba? Si kosa, kama mpokeaji anajua anachopokea.

Je, pesa ya karatasi ni ya uongo kwa kuwa haina fedha ndani yake? Hapana. Inakuwa ya uongo pale anayeitoa anapovunja ahadi yake.

Anayeharibu pesa ya nchi anamwibia nani? Anawaibia wote, na maskini kuliko wote, maana maskini hana njia ya kuipima wala ya kukimbia.

Aliyepokea noti ya bandia bila kujua, akaitambua baadaye, afanye nini? Amrudie aliyempa, kama anamjua. Kama hamjui, aiharibu, isimfikie mwingine.

Je, ni haki mama huyo abaki peke yake na hasara ya dola 20? Si haki. Yeye ameuzuia uongo usiendelee, na kwa kuuzuia amewaokoa watu ambao hatawajua kamwe. Noti ile ingeweza kumfikia mtoto wa jirani yake. Basi wanaokaa karibu naye, waliookolewa bila kujua, wamekuwa wadeni wake.

Swali la mwisho halina jibu katika ukurasa huu, maana kila mmoja atalijibu kwa mkono wake: wewe uliye jirani wa mama huyo, utachangia nini ili mtoto wake arudi shuleni?